Kitanzi cha Wiki ya Sita

Tulikuwa wanne, na swali moja:
kwa nini darasa la programu hupungua mwezi wa pili?
Tumuhairwe wa Mbarara, chupa ya bushera mkobani;
Amuge wa Soroti, asiyeamini wastani wowote;
Lakot, mwenyeji wetu wa Gulu,
aliyetutafutia chumba juu ya duka la betri za sola,
meza mbili za urefu usiolingana;
na mimi, Ezaruku, niliyeshuka basi la Arua
na boksi la karatasi magotini.

Katika somo letu kuna kitu kiitwacho kitanzi:
amri inayozunguka, inarudi, inazunguka,
hadi sharti litimie, ndipo iache.
Wiki ya sita tunakichora ubaoni.
Wiki ya saba viti vinabaki vitupu.
Vikao vyetu ni vya Kiingereza, lakini Kiswahili,
nilichokiokota sokoni nikimsaidia mama kupima asali,
kilikuwa kimeshaniambia:
kitanzi ni cha uzi, na kitanzi ni cha shingo.

Karatasi mia nne na kumi na mbili,
majina yamekatwa kwa mkasi, namba zimebaki.
Kila mmoja asome peke yake, aandike kosa ni la aina gani,
kisha tulinganishe.
Siku ya kwanza tulipatana mara tano kwa kumi.
"Sarafu ingetufikisha hapo," alisema Lakot,
"tena bila nauli."

Tuligombana juu ya namba 207.
Swali la tatu. Jibu: Sijui.
Tumuhairwe: hilo ni pengo, weka sifuri, twende.
Amuge: pengo ni pengo, huyu ameandika.
Anayesema sijui amefika mlangoni na kubisha.
Tumuhairwe: mlango upi? Mimi nahesabu, sihubiri.
Mimi sikuwa na upande. Nilikwenda kununua rolex nne,
na niliporudi ngazi zilikuwa giza,
mwenye duka akipiga kelele kwamba Yaka imeisha,
yeye, na betri zake zote.

Amuge aliwasha tochi ya simu.
Akaigeuza 207 upande wa nyuma,
ambako hakuna kati yetu aliyefunua.
Safu ya tarakimu, kwa penseli, nyembamba:
moja, moja, moja, moja,
hadi ukingo wa chini wa ukurasa,
na hapo, kwa herufi ndogo: sijui kinaishia wapi.

Tukalisoma swali upya, wote wanne, vichwa vikigusana.
Hesabu ianze moja. Maadamu haijafika tano, ichapishe.
Basi. Mstari wa kuongeza moja
haukuwapo.
Kitanzi hakiishi. Hakikuwahi kuwa na pa kuishia.
Waliopata alama zote waliandika moja, mbili, tatu, nne,
jibu la mtihani wa mwaka juzi.

Mkasi uliondoa majina.
Haukuondoa mwandiko wa wino mwekundu:
sifuri yangu, yenye mkia kama kiluwiluwi,
na pembeni, neno nililokuwa nimelisahau: Mvivu.

Hakuna aliyecheka. Rolex zikapoa.
Tumuhairwe alinisogezea bushera bila kunitazama,
kisha akavuta boksi lake la Mbarara.
"Na haya tuyafunue nyuma," alisema.
Tukaongeza safu katika jedwali: kosa la mwalimu.
Kufikia Jumapili ilikuwa na karatasi hamsini na nane,
si zote zangu. Siku hiyo nilitamani ziwe zangu zote,
au isiwe hata moja.

Ripoti imeandikwa. Tumepatana mara tisa kwa kumi,
na Amuge bado anasema ile moja ndiyo utafiti wenyewe.

Kamati ya maadili ilitamka wazi:
mwenye namba hatafutwi.
Daftari la majina liko kabatini Arua, ufunguo ninao mimi.
Kila Jumatatu nautoa mfukoni, naurudisha,
nautoa, naurudisha,
na sharti la kuacha
bado sijaliandika.